Mwongozo kamili wa mtindo huru kwa wanatriathloni: pumzi, mlalo, mkono na maji ya wazi

Wengi wanaoingia kwenye triathloni, yaani kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo, wakitokea kwenye baiskeli au mbio hudhani kuogelea kwao ni kwa polepole kwa sababu hawajafanya mazoezi ya kutosha. Wanaongeza mita, wanaongeza nguvu, na miezi inapita saa ikisoma yaleyale. Sababu iko kwenye maji. Maji yana uzito wa takriban mara 800 ya hewa ya ujazo uleule, na ukinzani wake hukua haraka kuliko kasi: ukienda kasi mara mbili, maji yanakukinza karibu mara nne, na nguvu inayotakiwa kuyashinda ni karibu mara nane. Ndiyo maana mtu mwenye mapafu makubwa na mapaja ya chuma hupitwa na mtoto wa klabu ya kuogelea ambaye hata hatoki jasho.

Kwa hiyo kazi inakwenda kwa utaratibu huu: kwanza pumzi, pili mlalo wa mwili, tatu mkono, kisha kasi na maji ya wazi. Usiruke hatua. Anayehangaika na ufundi wa mkono huku miguu yake ikining'inia nusu mita chini ya maji anatibu kisicho na ugonjwa. Ufundi ni uleule kwa mita 750 za mbio fupi, 1500 za umbali wa Olimpiki, 1900 za nusu au 3800 za umbali kamili. Kinachobadilika ni kasi tu.

Pima kabla ya kurekebisha

Pasha mwili moto kwa mita 300 za taratibu, kisha ogelea mita 400 kwa kasi kubwa unayoweza kuihimili hadi mwisho. Pumzika dakika 8 hadi 10, halafu ogelea mita 200 kwa namna hiyohiyo. Zote mbili anza kwa kusukuma ukuta, si kwa kupiga mbizi. Sasa toa muda wa mita 200 kwenye muda wa mita 400, gawanya kwa mbili: umepata muda wa mita 100 unaoweza kuurudia kwa kitambo kirefu bila kuishiwa. Tuseme mita 400 zilichukua dakika 8 na sekunde 20, na mita 200 dakika 3 na sekunde 55. Tofauti ni sekunde 265, nusu yake ni sekunde 132.5, yaani dakika 2 na sekunde 12 au 13 kwa kila mita 100. Iite kasi yako ya msingi na uiandike, tutairudia.

Hesabu pia mapigo ya mikono katika urefu mmoja wa bwawa la mita 25, kila kiganja kinapoingia majini kikihesabiwa moja. Mtu mzima anayeanza mara nyingi huvuka 25. Mwenye ufundi mzuri huwa kati ya 16 na 20 hivi, kutegemea urefu wa mwili wake. Namba yako ni ya kushindana nayo mwenyewe.

Mwisho, mwombe mtu akurekodi kwa simu iliyo ndani ya mfuko usiopitisha maji, akisimama ubavuni kisha mbele yako, simu ikiwa chini ya maji. Angalia mambo matatu. Visigino viko karibu na uso wa maji au vimezama? Mkono wa mbele unafanya nini wakati unavuta pumzi? Pigo linapoanza, kiwiko kiko juu ya kiganja au chini yake? Karibu kila kosa utakalohitaji kulirekebisha litajitokeza kwenye moja ya hayo.

Pumzi

Anayeishiwa pumzi baada ya mita 50 ilhali anakimbia kilomita 10 bila shida hana upungufu wa mazoezi. Anabana hewa. Uso ukiwa majini anaizuia, halafu katika ule upenyo mfupi wa kugeuza kichwa anajaribu kutoa na kuvuta kwa pamoja. Muda hautoshi. Kaboni dioksidi inajaa, na mwili ukihisi kaboni dioksidi imezidi unaleta hofu, shingo inakakamaa, mapigo ya mikono yanakuwa ya haraka na ya ovyo. Hewa iliyobanwa pia inainua kifua kupita kiasi, na kifua kikipanda miguu inashuka. Kosa moja limezaa matatu.

Anza kwenye maji ya kina cha kifua, mwenzako akiwa karibu. Vuta pumzi ya kawaida, jizamishe, kisha toa hewa yote kwa pua na mdomo mpaka mwili ushuke wenyewe taratibu. Usiposhuka, bado umebana. Inuka, vuta pumzi, rudia mara 5 hadi 8. Baada ya hapo shika ukuta na ufanye mara 20 mfululizo: uso ndani, povu linatoka bila kukatika, uso pembeni, vuta, rudi. Ukiogelea, hewa ianze kutoka pale uso unapogusa maji, kwa upole mwanzoni na kwa msukumo zaidi kabla tu ya kugeuka. Mdomo ukifika juu kazi inayobaki ni kuvuta tu.

Hapa pana onyo lisilo na mjadala. Usifanye mashindano ya kubana pumzi chini ya maji, na usiheme kwa nguvu mara nyingi kabla ya kuzama. Kuhema hivyo kunaondoa ile kaboni dioksidi inayouamsha ubongo udai hewa, na mtu huzimia majini bila dalili yoyote. Imewaua waogeleaji hodari.

Jifunze kupumua pande zote mbili, kila baada ya mapigo matatu, angalau katika nusu ya mazoezi. Si lazima ushindane hivyo; wengi hupumua kila baada ya mapigo mawili upande mmoja siku ya mbio, na hilo ni sahihi kabisa kwa sababu mwili unahitaji hewa. Ila anayejua upande mmoja tu atateseka mawimbi au jua vikitokea upande huohuo.

Mlalo wa mwili

Mapafu ni boya, nayo yako kifuani. Uzito mkubwa wa mwili uko karibu na nyonga na miguu. Kwa hiyo mwili ukiachwa wenyewe majini huzunguka, kifua juu na miguu chini. Wanatriathloni wana tatizo hili kwa kiwango kikubwa zaidi kwa kuwa mapaja yao yana misuli mingi na vifundo vyao vya miguu vimekaza. Dawa si kupiga miguu kwa nguvu zaidi. Dawa ni kuhamisha uzito mbele.

1. Kichwa. Tazama sakafu ya bwawa, mbele kidogo ya wima, shingo imelegea, nusu ya kisogo ikiwa nje ya maji. Ukitazama ukuta wa mbele, kichwa kinapanda na nyonga zinashuka papo hapo. Hili peke yake huinua miguu ya watu wengi.
2. Kifua. Kikandamize kidogo majini, kama sentimita chache tu, huku kitovu kikivutwa kuelekea mgongo. Utahisi makalio yanakuja juu.
3. Kulala ubavu. Nyoosha mkono mmoja mbele, kiganja kikitazama chini, mwingine uweke pajani. Lala kwa ubavu, uso ukitazama chini, piga miguu midogo mita 25 na ugeuze kichwa kuvuta hewa unapohitaji. Badili upande. Vaa mapezi ya mpira ukizama. Hayo ni msaada halali, si udanganyifu.
4. Mateke sita na pigo moja. Lala ubavu kwa mateke sita, piga mkono mmoja, geuka ubavu wa pili kwa mateke sita. Ukiweza mita 50 bila kuyumba, ongeza: mateke sita, mapigo matatu, mateke sita.

Fanya hayo mita 300 hadi 400 kila unapoingia bwawani kwa wiki tatu au nne za mwanzo. Mapumziko ya sekunde 15 hadi 20 baada ya kila mita 50 yatakuzuia usichoke, maana ufundi unaofanywa kwa uchovu ni kujifunza makosa.

Mzunguko wa mwili unatoka hapo hapo. Mabega yazunguke kwa takriban nyuzi 30 hadi 45 kila upande, nyonga zikifuata. Ukilala bapa kama mbao, bega linasagika na mkono hauna urefu. Ukizunguka kupita kiasi, mwili unapoteza mizani na miguu inapanuka ghafla kujiokoa. Ukiona miguu yako imeachana kwenye video wakati wa kupumua, usiishughulikie miguu: tafuta kichwa kilichoinuka au mkono uliovuka mstari wa kati.

Unapopumua, kichwa kigeuke pamoja na mwili, jicho moja la miwani libaki majini. Kichwa kinapokwenda mbele kinasukuma wimbi dogo, na pembeni yake, karibu na shavu, maji yanabonyea. Mdomo unapata hewa kwenye bonde hilo bila kuinuliwa. Wanaoanza hawaliamini, wanainua kidevu, na bonde linafungwa.

Mkono unaokamata maji

Vidole viingie kwanza, mbele ya bega husika, si mbele ya pua. Viingie umbali fulani mbele ya kichwa, kisha mkono unyooke chini ya maji, kiganja kikiwa bapa na kina cha sentimita 10 hadi 20. Usitangulize kidole gumba. Mkono unaoingia kwa gumba huzungusha bega kuelekea ndani, na ukirudia maelfu ya mara kwa wiki unatafuta maumivu ya bega. Ukihisi kwamba unaingiza mikono mipana kupita kiasi, kama namba 10 na namba 2 kwenye uso wa saa, huenda ndipo uko sawasawa. Anayevuka katikati huwa hajui kwamba anavuka.

Sasa pigo lenyewe. Kigasha ni ile sehemu kutoka kiwiko hadi kifundo cha kiganja, na lengo ni kukigeuza kigasha na kiganja kuwa ubao mmoja unaotazama nyuma mapema iwezekanavyo. Mkono ukiwa umenyooka mbele, kunja kifundo kidogo ili vidole vielekee chini, kisha acha kigasha kishuke huku kiwiko kikibaki karibu na uso wa maji. Utaratibu wa kukariri ni huu: kiwiko juu ya kifundo, kifundo juu ya vidole. Maji yakishakaa nyuma ya ubao huo, yasukume moja kwa moja nyuma hadi kupita nyonga.

Kosa kuu ni kiwiko kuanguka. Kiwiko kikitangulia kushuka, kiganja kinateleza na hakuna kilichoshikwa. Kosa la pili, ambalo wenye nguvu hulipenda, ni kukandamiza maji kwa mkono ulionyooka. Ukikandamiza chini unainua kifua, kifua kikiinuka miguu inazama, na bega linabeba mzigo usio wake. Mara nyingi hilo hutokea wakati wa kupumua: mkono wa mbele unashuka kwa sababu mwogeleaji anautumia kujiegemeza. Mkono wa mbele usianze kukamata mpaka mwenzake unaorudi uwe unapita kichwani.

Mazoezi matatu yanatosha, yafanye kwa uvumilivu. Weka boya dogo la mazoezi katikati ya mapaja, nyoosha mikono yote mbele, halafu peleka viganja nje na ndani kwa mwendo mdogo, vidole vikielekea chini na viwiko vimetulia. Utasonga polepole mno. Unachotafuta ni mgandamizo wa maji kwenye viganja na vigasha. Mita 25, mara 4. Kisha ogelea mita 25 kwa ngumi zilizofungwa na mita 25 kwa viganja vilivyo wazi, mara 4 hadi 6. Ngumi zinakulazimisha utafute msaada kwenye kigasha, na ukifungua viganja utashangaa ukubwa wake. Tatu, mkono mmoja: mmoja unapiga, mwingine umenyooka mbele, ukipumua upande unaopiga. Padeli za mikono, vile vibao vinavyofungwa viganjani, ziongeze baadaye, ndogo kwanza, na uziweke kando mara bega linapolalamika. Vidole viachane kidogo kwa ulegevu. Kuvibana kunakaza mkono mzima.

Mkono ukirudi juu ya maji usiufanyie kazi nyingi. Legea, kiwiko kitoke kwanza. Baharini kwenye mawimbi mkono ulionyooka zaidi na wa juu unafaa kwa kuwa hauguswi na maji.

Miguu, kwa kifupi

Katika masafa ya triathloni miguu inakupa mizani zaidi ya mwendo. Misuli ya mapaja hula oksijeni nyingi, nawe bado una baiskeli na mbio mbele yako. Mateke mawili kwa kila mzunguko wa mikono miwili yanatosha: mguu wa kulia ukipiga wakati mkono wa kushoto unaingia, na kinyume chake. Teke litoke kwenye nyonga, goti likunje kidogo, visigino viguse uso wa maji bila kutoka. Ukipiga miguu na ukajikuta unarudi nyuma, vifundo vimekaza. Kaa juu ya visigino, nyayo zikiwa zimelazwa nyuma, sekunde 30 mara 3, kila siku. Mwenye magoti yenye maumivu anyooshe kifundo kwa mkono akiwa ameketi kitini.

Urefu wa pigo na mwendo wa mikono

Kuna ushauri ulioenea kwamba upunguze mapigo kadiri uwezavyo kwa kuteleza mbele. Ufuate kwa tahadhari. Maji hukupunguza kasi mara tu unapoacha kusukuma, na anayeteleza kwa kusubiri anaanza kila pigo upya kutoka karibu na kusimama. Kwa hiyo pima viwili pamoja: mapigo na sekunde za mita 25. Sekunde 30 na mapigo 24 ni 54. Ukipunguza mapigo hadi 21 lakini muda ukapanda hadi sekunde 35, jumla imekuwa 56, umepoteza. Mapigo yakiwa 23 na sekunde 29, jumla ni 52, umepata. Kwenye maji yenye mawimbi mwendo wa mikono wa haraka kidogo huwa bora, kwa kuwa wimbi linalokupiga kati ya mapigo linapata nafasi ndogo ya kukusimamisha.

Wiki ya mazoezi

Mara tatu kwa wiki za dakika 45 hadi 60 zinazidi mara moja ya saa mbili na nusu, maana hisia ya maji hupotea upesi. Siku ya kwanza ni ya ufundi: mita 300 za kupasha moto, mita 50 mara 8 (nusu zoezi, nusu kuogelea kawaida) kwa mapumziko ya sekunde 20, kisha mita 100 mara 6 za taratibu ukiwaza jambo moja tu. Jambo moja. Kichwa leo, kiwiko kesho kutwa.

Siku ya pili ni ya kasi ya msingi. Baada ya kupasha moto, ogelea mita 100 mara 10 kwa muda ule uliokokotoa, ukipumzika sekunde 15 hadi 20. Kwa mfano wetu, kila mita 100 ni dakika 2 na sekunde 12 hadi 13. Ukiipiga ya kwanza kwa dakika 2 kamili, umeharibu zoezi. Ya nane na ya tisa zitakuonyesha. Wiki ijayo fanya 12. Pima upya mita 400 na 200 kila baada ya wiki 6 hadi 8.

Siku ya tatu ni ya masafa: mita 400 mara 3, au mita 500 mara 3 kwa anayejiandaa na 1900 na kuendelea, mapumziko sekunde 30 hadi 45, ukiinua macho kuangalia mbele mara mbili kwa kila urefu wa bwawa, kujizoesha na maji ya wazi.

Maji ya wazi

Usiogelee peke yako, na vuta boya lenye rangi kali lililofungwa kiunoni. Maji yakiwa baridi, ingia taratibu, lowesha uso na shingo, subiri mpaka pumzi itulie ndipo uanze. Mshtuko wa dakika za mwanzo hufanya mtu ahemeheme bila kujizuia.

Kuangalia mwelekeo kuna ufundi wake. Mkono wa mbele unapoanza kukamata, inua macho tu kama mamba, miwani ikiwa nje na mdomo ukibaki majini, liangalie kwa haraka boya linaloonyesha njia ya mashindano, kisha geuza kichwa ubavuni kuvuta hewa. Usijaribu kuvuta hewa ukitazama mbele, miguu itazama. Rudia kila baada ya mapigo 6 hadi 10. Chagua pia alama kubwa nyuma ya boya, kama mti au jengo, kwa sababu boya lenyewe hufichwa na mawimbi. Anayekwenda zigizaga hulipa mita ambazo hazimo kwenye mashindano.

Tofauti na baiskeli, ambako mara nyingi umbali kati ya washindani hudhibitiwa, majini inaruhusiwa kumfuata mwenzako. Kaa nyuma ya miguu yake, karibu lakini bila kumgusa, au ubavuni kichwa chako kikiwa usawa wa nyonga yake. Povu la miguu yake ndiyo ramani yako, ila endelea kuangalia mbele mwenyewe, maana naye anaweza kupotea.

Suti ya mpira, pale inaporuhusiwa, huinua miguu na kusamehe makosa mengi ya mlalo. Kanuni za World Triathlon, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinaweka unene wa juu kuwa milimita 5, na ruhusa hutegemea joto la maji, kwa hiyo soma taarifa ya mashindano yako. Ivae kwa kuivuta juu kabisa kwenye mapaja na kwapani mpaka mabega yawe na nafasi. Suti iliyobaki chini huvuta mabega kila pigo na kukuchosha kabla ya nusu ya njia. Paka mafuta ya kuzuia mikwaruzo shingoni, na ifanyie mazoezi mara kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Ukianza, mita 200 za kwanza zishike chini ya hamu yako. Mita 200 za mwisho ongeza mateke kidogo ili damu irudi miguuni, na usisimame mara unapoona mchanga: endelea kuogelea mpaka kiganja kiguse chini mara mbili au tatu, ndipo uinuke ukimbie.